Lundo la Mashimoni

Harufu ya samadi kuukuu iliyonyeshewa hunitia hasira. Sisemi samadi mbichi; hiyo nimeizoea, nimefuga ng'ombe nusu ya maisha yangu. Nasema ile ya zamani, iliyokaa mpaka ikawa udongo mweusi, laini, usionuka chochote hadi mvua iuguse. Hapo ndipo hutoa harufu yake nzito, kama ya sanduku la nguo lililofungwa miaka mingi. Mwezi jana kijana mmoja aliileta mpaka langoni kwangu hapa Nakuru, magunia manne juu ya mkokoteni, mvua ikimnyea.

"Mathe, chukua hii," akaniambia. "Ni ya boma ya zamani. Imeiva poa. Hii haichomi mboga."

Nilimfokea. Nilimwambia aondoke na uchafu wake kabla sijamfungulia mbwa, na mbwa mwenyewe sina. Kijana wa watu alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, akageuza mkokoteni wake kwenye matope. Jirani yangu alitoa kichwa dirishani kuona ni nani anayeuawa. Sikumweleza kitu. Nitawaeleza nyinyi, kwa sababu nyinyi hatutakutana kesho kwenye foleni ya maziwa.

Sisi ni Wabukusu. Baba alitutoa kwetu akatuleta kwenye mashamba ya wazungu juu ya Njoro, upande wa kwenda Molo, miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati kazi zilikuwa nyingi ghafla. Zilikuwa nyingi kwa sababu waliokuwa wakizifanya walikuwa wamepakiwa kwenye malori kwa kosa la kuwa Wakikuyu. Tulipewa nyumba yao kwenye laini, ile safu ya vibanda vya wafanyakazi. Walipakiwa upesi, nadhani, maana tulikuta chungu chenye maharage yaliyokauka na kiatu kimoja cha mtoto nyuma ya mlango. Mama alitupa maharage, akakisugua chungu kwa majivu, tukakipikia miaka mitano. Kile kiatu kilinitosha, nikakivaa, mguu mmoja na kiatu na mwingine bila. Majirani walikaa mwezi mzima bila kutusalimu. Hiyo ndiyo hewa niliyokulia: kila mtu alikuwa amekalia mahali pa mwingine, kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyemsamehe mwenzake.

Nyuma ya laini kulikuwa na kilima. Hakikuwa kirefu, ungekipanda na kurudi kabla uji haujapoa. Juu yake kulikuwa na kijiji cha kale ambacho mgeni angepita katikati yake asikione. Hakikuwa na nyumba. Kilikuwa na mashimo kumi na matatu, ya mviringo, kila moja pana kiasi cha kulaza ng'ombe ishirini, kuta zake zimepangwa mawe yasiyo na udongo wala saruji, na majani mafupi yameota mpaka ndani. Kila shimo lilikuwa na mwanya mmoja tu, na mianya yote ilitazama chini, upande wa mteremko. Watu wa laini walipaita Mashimoni, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Nyapara wetu, mtu aliyejua kila kitu, alisema wazungu wa kwanza walichimba pale wakitafuta maji. Mtu yeyote mwenye macho angemuuliza ni mzungu gani anayetafuta maji kileleni, lakini nyapara hakuulizwa maswali.

Aliyejua ukweli alikuwa Kogo Tapkigen. Kogo ni bibi kwa Kinandi, nasi sote tulimwita hivyo, hata tulipokuwa tunamchukia. Mumewe alikuwa mchungaji wa kwanza wa shamba lile, tangu siku za baba yake Bwana. Mzee alipokufa, Kogo aliachiwa kibanda chake begani mwa kilima na ng'ombe wake wanne, kwa sharti kwamba aangalie pia ndama wa Bwana. Bwana tulimwita Masharubu, nanyi mnaweza kukisia sababu. Siku yoyote Masharubu angeamua kwamba bibi amezeeka mno, bibi angeondoka. Kogo alilijua hilo, na nadhani ndilo lililomfanya awe mkali kiasi kile. Alikuwa na fimbo nyembamba ya mti mgumu, nami nimeionja mara kadhaa.

Mwanzoni, kabla ya mambo kuharibika, Mama alikuwa akinituma kwake na kibuyu kuchukua maziwa. Nilikuwa na miaka kama minane. Siku moja alikuwa na moyo mweupe, sijui kwa nini, akanishika mkono akanitembeza kijiji kizima. Alinionyesha mwamba uliosimama pembeni, ambapo mlinzi wa watu wa kale alikaa akitazama bonde lote mpaka Menengai, kuona vumbi la watu wanaokuja kuiba mifugo. Alinionyesha jiwe bapa lenye vishimo vidogo vya mistari miwili, vilivyochongwa na watu waliokuwa wakicheza bao huku ng'ombe wao wakilamba chumvi. Tukashuka ndani ya shimo kubwa kuliko yote.

"Hapa ng'ombe," alisema, akigonga chini kwa fimbo. "Hapa kando, nyumba ya mtu. Mtu analala, anasikia ng'ombe yake ikipumua. Adui akikuja atapita wapi? Mlango ni moja."

"Walienda wapi, Kogo?"

"Walifukuzwa. Sisi tukakuja, tukafukuzwa. Na Bwana yako pia atafukuzwa." Alicheka mpaka akakohoa, nami nilitazama huku na huku kuhakikisha nyapara hayuko karibu.

Chini ya mwanya wa lile shimo kubwa kulikuwa na lundo. Lilikuwa la mviringo, refu kunizidi, limefunikwa na majani ya kuwasha, isipokuwa upande mmoja tulipokuwa tukiteleza sisi watoto. Alinieleza kwamba watu wa kale walikuwa wakizoa mavi ya ng'ombe kila asubuhi na kuyatupa pale nje ya lango, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka yakawa kilima kidogo. Ninyi mngesema jaa. Lakini Kogo alichota kiganja cha samadi kutoka kwa ng'ombe wake mwenyewe, akakiweka juu ya lundo taratibu, akanyunyiza matone ya maziwa, kisha akanigeukia na fimbo juu.

"Wewe na hao wenzako, nikiona mnateleza hapa tena, nitavunja miguu. Umesikia? Mavi ya kule chini ni ya Bwana. Majani ni ya Bwana. Hata mimi ni wa Bwana. Hii peke yake ni ya watu wa zamani. Hapa Bwana hawezi fukuza mtu."

Nilienda nyumbani nikamsimulia Mama kwamba yule bibi anaabudu mavi. Mama alicheka sana. Ilikuwa mara ya mwisho kumcheka Kogo kwa wema.

Mwezi wa saba, baridi ya Molo ilipoteremka na ukungu ukakaa mpaka saa nne, mdogo wangu Wekesa alishikwa na kifua. Alikuwa na miezi saba. Alikuwa amejifunza kuvuta masikio yangu, na kila akivuta alishangaa upya kwamba nina mawili. Alikufa asubuhi, Mama akiwa bado na nguo ya kuchumia pareto, kwa kuwa nyapara alikuwa amemwambia afike shambani kwanza, ruhusa baadaye.

Sasa muelewe jambo moja. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, uani, ambapo watu wake wanampita kila siku. Lakini laini haikuwa na ua. Shamba lilikuwa limetenga kipande ng'ambo ya mto, chini ya mikaratusi, ambapo wafanyakazi walizikwa bila mpangilio, Mluo juu ya Mkamba, hata majina hayakuandikwa. Mama alikuwa ameketi mlangoni akisema neno moja tu, kwamba hampeleki mtoto wake kwa wageni. Baba alikuwa amesimama ndani, nyuma yake, na jembe, akingoja mwenye jibu atokee.

Mchana Kogo alishuka kilimani. Hakuwa na fimbo siku hiyo. Alibeba kibuyu cha maziwa mikono miwili, akajitanda blanketi lake jekundu. Wanawake wa laini walimpisha. Mimi nilikuwa nimejificha nje, nyuma ya pipa la maji kando ya mlango, kwa kuwa sikutaka kumwona Wekesa alivyofunikwa.

"Mama Nasimiyu," Kogo alisema, akimwita kwa jina langu, "nimesikia. Usipeleke yeye kwa miti. Lete yeye juu. Tutamlaza kwa mavi ya ng'ombe, pale kwa lundo."

Mama akainuka.

"Kwa mavi?" aliuliza. "Mtoto wangu? Mtoto wangu ni mbwa? Ni kuku amekufa na kideri?" Alikipiga kile kibuyu kwa mkono, kikaanguka, kikapasuka, maziwa yakaenea kwenye vumbi mpaka miguuni pangu. "Toka! Toka na uchawi wako! Ukanyage hapa tena nikuue!" Akaingia ndani akaubamiza mlango.

Kogo alibaki amesimama mbele ya mlango uliofungwa. Wanawake walikuwa wameanza kupiga kelele wote kwa pamoja. Alisema maneno mengine machache, kwa sauti ya chini, akiuambia ule mlango. Kisha akaokota vipande vya kibuyu, kimoja kimoja, akapanda kilima. Hayo maneno nitayasema mwishoni. Niacheni kwanza.

Wekesa alizikwa chini ya mikaratusi. Na laini, ambayo haikuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote, si zamu ya maji wala mpaka wa kuku, ilikubaliana juu ya Kogo. Hakuna aliyemnunulia maziwa tena. Akishuka mtoni, wanawake waliondoka na ndoo zao na kumwacha peke yake. Watoto tulitunga wimbo, nami nitawaambia bila kujivunia kwamba mistari miwili mikali zaidi ilikuwa yangu. Tuliuimba chini ya kilima ng'ombe wake waliporudi jioni. Niliwarushia mawe wale ng'ombe. Nilimpiga ndama mmoja gotini, akachechemea wiki nzima, na kila nikimwona anachechemea nilijisikia vizuri. Msinitafutie udhuru kwa sababu ya umri. Nilimchukia yule bibi kwa moyo wangu wote, na chuki ilinipa joto wakati ambapo nyumbani kwetu hapakuwa na kingine cha kutupa joto. Mama alikuwa haongei. Kitu pekee kilichomfanya ainue kichwa kilikuwa kulisikia jina la Kogo likitukanwa.

Nyuma ya nyumba Mama alikuwa na kibustani cha sukuma, kidogo kama mkeka, kwenye udongo uliokanyagwa mpaka ukawa sakafu. Miche ilitoka ya manjano, ikakaa hivyo. Nami nikakumbuka lile lundo. Nilipanda kilima mchana, Kogo akiwa amepeleka ndama mtoni, nikiwa na karai la Mama. Nilichimba ubavuni kwa mikono. Majani yalinichoma mpaka kwenye viwiko. Udongo ulikuwa mweusi na laini, ukipita katikati ya vidole kama unga, na asubuhi hiyo kulikuwa kumenyesha, kwa hiyo niliipata ile harufu kwa mara ya kwanza. Nilishuka na karai kichwani, nikaumwaga chini ya miche. Nilirudi siku ya pili, na ya tatu. Moyoni sikuwa nikifanya kazi ya bustani. Nilijua kwamba ninamwibia Kogo kitu anachokipenda.

Ile sukuma ilikua kwa namna ya kutisha. Majani yalikuwa mapana, ya kijani cha kuelekea buluu, na Mama alichuma leo, kesho yakawa yamejaa tena. Wanawake walikuja kutazama. Mama alinisifu mbele yao, mara yake ya kwanza kumsifu mtu tangu mwezi wa saba, akasema Nasimiyu ana mkono wa kupanda. Nyapara naye akaja. Alichukua udongo kidogo akaunusa, akaniuliza nimeutoa wapi, na mimi, mjinga niliyejaa sifa, nikainua kidole nikamwonyesha kilima.

Hapo mambo yalitoka mikononi mwangu. Nyapara alimwambia Masharubu, Masharubu akamwambia Memsahib, mkewe, ambaye alikuwa na waridi zilizogoma kuchanua, na wiki iliyofuata trekta lilipanda Mashimoni na trela, na wanaume sita na sepetu. Baba alikuwa mmoja wao. Walimpa sururu kwa sababu alikuwa na mgongo mzuri. Watoto wa laini tulifuata nyuma kama tunaoenda kwenye harusi.

Kogo alikuwa juu ya lundo. Alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha mbele, blanketi limefungwa vizuri. Nyapara alimwambia ashuke. Hakujibu. Nyapara alimwambia ni amri ya Bwana. Hapo akajibu.

"Bwana achukue ng'ombe. Achukue nyumba. Hii si yake. Uliza watu wa zamani."

"Watu wa zamani wako wapi, bibi? Waite basi!" Wanaume wengine walicheka. Baba hakucheka, hilo nalisema kwa haki yake. Nyapara na mwingine walimshika makwapa wakamteremsha. Hakupigana. Alikuwa mwepesi mno, nililiona hilo, miguu yake haikugusa chini vizuri. Wakamweka kando kwenye jiwe la bao, na kazi ikaanza.

Walikuwa wamejaza trela nusu sururu ya Baba ilipotoa sauti nyingine. Baba aliinama. Akafukua kwa vidole. Kulikuwa na ushanga, wa buluu, kamba yake imeoza lakini shanga bado zimefuatana kama zilivyokuwa zimevaliwa. Ndani ya duara la zile shanga kulikuwa na vifupa. Vilikuwa vidogo sana. Baba alivua kofia. Watoto wenzangu wakarudi nyuma wakipiga mayowe kwamba bibi alikuwa mchawi kweli, anazika watoto wa watu.

Kila mtu alishtuka. Mimi sikushtuka.

Masharubu aliitwa. Alitazama kwa muda mfupi kutoka juu ya farasi wake, akasema huko hawatachimba tena leo, waanzie upande ule mwingine. Kisha akamwambia nyapara kwamba mwanamke anayezuia kazi hawezi kukaa kwenye shamba lake, apewe hadi Jumamosi. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyosimulia hapa.

Kogo alipiga magoti akakusanya. Alitandaza blanketi lake chini, akabaki na gauni jepesi katika baridi ile, akaweka kila kifupa na kila ushanga, na alipomaliza alichekecha udongo kwa vidole kuhakikisha hajaacha kitu. Hakulia. Hakutulaani, ingawa wanawake wa laini waliapa baadaye kwamba walimsikia akitulaani vizazi saba. Alifunga blanketi akalipakata.

Njia ya kutoka kilimani ilipita nyuma ya nyumba yetu. Alipofika kwenye kibustani cha Mama alisimama. Alitazama ile sukuma, kisha akatazama chini ya mashina, ule udongo mweusi. Mama alikuwa kwenye kona ya nyumba, mikono kiunoni, tayari kwa vita. Nami nilikuwa nyuma ya Mama. Kogo alichuchumaa, akachota kiganja kimoja cha udongo kutoka chini ya sukuma yetu, akafungua blanketi, akakitia ndani pamoja na vile vifupa. Akafunga tena. Akaenda zake.

Mama alinigeukia. "Huu udongo uliutoa wapi?"

"Mtoni," nilisema.

Alijua. Mtu hawezi kupika kila siku mboga zilizotoka kwenye udongo ule asijue. Lakini alisema, "Haya," akaingia ndani, na jioni ile tulikula ugali na sukuma kama kawaida. Jumamosi Kogo aliondoka na ng'ombe wake wanne, upande wa Nandi. Yule ndama niliyempiga alikuwa ameacha kuchechemea.

Nilikuja kusoma, nikawa mkunga hapa Nakuru. Miaka mingi baadaye tulimpoteza mtoto mchanga wodini, na mwenzangu wa zamu, Jerotich, dada wa Kinandi mwenye mdomo mwepesi, alikuwa akinisaidia kumfunga. Aliguna akasema, "Zamani huyu angelazwa kwa mavi ya ng'ombe. Kogo yangu angehakikisha."

Nilihisi damu ikinipanda. Nilimuuliza, kwa ukali, kama kwao mtoto ni takataka.

"Takataka?" Jerotich aliniangalia vizuri. "Wewe hujui unachosema. Zamani mtu akikufa alipelekwa porini, fisi wamalize. Baba yangu mkubwa mwenyewe alipelekwa. Hapo kwa mavi, kando ya ng'ombe, hawakulaza kila mtu. Ni mtoto mchanga na mzee aliyezeeka kabisa. Hao ndio hawapewi fisi. Hao wanakaa nyumbani."

Alimaliza kufunga fundo akatoka. Nilibaki na yule mtoto wa watu mikononi, na kwa dakika kadhaa sikuweza kumweka chini.

Wanakaa nyumbani. Mama alikuwa ameketi mlangoni akililia jambo hilo hilo, na mtu mmoja tu kwenye shamba zima alikuwa na nyumbani pa kumpa. Kogo hakuwa na boma lake. Samadi ya shamba ilikuwa ya Bwana. Alichokuwa nacho ni lundo la watu waliokwisha fukuzwa siku nyingi, mahali pekee alipoamini kwamba hakuna wa kumfukuza mtoto, na alikuwa ameshuka na maziwa mikono miwili kuja kutugawia.

Baada ya uhuru shamba liligawanywa. Mikaratusi ilikatwa kwa mbao, ng'ambo ya mto pakalimwa viazi. Nilienda kutafuta. Mwenye shamba, mtu mpole, alinitembeza kati ya matuta akiniuliza kaburi lilikuwa usawa gani, na sikuweza hata kumwambia kama ni kulia au kushoto. Mashimo kumi na matatu bado yapo kilimani, milango yao imetazama chini. Lundo halipo.

Mama alipokuwa mzee, anaishi kwangu, nilimweleza maneno ya Jerotich. Nilifikiri ni haki yake kujua. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na kikombe cha chai mkononi, na nilingoja alie ili nimshike.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza. Sauti ilikuwa ile ile ya siku ya kibuyu. "Miaka yote hii nimemshikilia yule mwanamke hapa." Alijigonga kifuani. "Ungeniacha nife naye. Sasa unataka nikae na nini?"

Hakunisemesha siku tisa. Na hadi alipokufa, hakula tena mboga niliyoipanda mimi.

Nikamwacha aamini kwamba nilimwambia yote. Sikumwambia yote. Mlango ulipofungwa, na wanawake wakipiga kelele, Kogo aliinamisha kichwa karibu na mbao akamaliza alichokuwa amekuja kusema. Alisema, "Yangu iko pale. Itamuangalia." Mama hakusikia, wala Baba. Wanawake hawakusikia. Kwa hiyo nilipopanda na lile karai nilijua kwamba mle ndani kuna mtoto wake, na nilipoinua kidole kumwonyesha nyapara nilijua. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini mimi nilikuwa nje.